Neema, zitafute zile meseji

Moshi, Alhamisi usiku

Neema rafiki yangu,

Za Arusha? Soko la Kilombero kunauzika? Sisi tupo. Wifi amerudi kwenye kibanda cha kaka pale Kiborloni, anauza mwenyewe, kitinda mimba analala juu ya belo.

Shauri letu la kudai fidia ya kifo cha kaka linasikilizwa Jumatano ijayo, na jana tulishinda ofisini kwa wakili. Nilidhani tutafundishwa namna ya kumliza jaji. Kumbe! Kitu cha kwanza alichotaka ni daftari la mauzo. Wifi akalitoa kwenye kanga, lile la kava la bluu lenye doa la chai, wakili akalifunua ukurasa kwa ukurasa kama anasahihisha mtihani.

Hesabu yake ni hivi. Faida ya mwezi ilikuwa kama shilingi 600,000. Anatoa 200,000 kaka alizokuwa akila, akivaa na kunywa mwenyewe (hapo wifi alicheka kidogo). Zinabaki 400,000 zilizokuwa zikifika nyumbani. Kwa mwaka 4,800,000. Kaka alikuwa na miaka 41, nikasema basi tuzidishe mara 19 mpaka afike 60. Wakili akakataa: pesa hii inaombwa yote kwa mkupuo, na hata angekuwa hai, maradhi na hasara za biashara zipo. Ataomba miaka 10, yaani 48,000,000. Niliona kidogo, na bado naona hivyo.

Jeneza na gari la kuleta mwili vinataka risiti. Nani alikumbuka kudai risiti msibani?

Akatusimulia kuwa mwaka 1808 huko Uingereza gari la farasi lilipinduka, mke wa abiria mmoja akaumia, akafa baada ya mwezi hivi. Jaji akasema kifo cha mtu hakidaiwi fidia. Mume alipwe kwa ule muda wa kuugua tu. Bunge lao likaja kutunga sheria mwaka 1846. Yetu, Sura ya 310 ya sheria za Tanzania, ni ya ukoo huohuo: unadai ulichokuwa unategemea kwa marehemu.

Kisha akamuuliza wifi, "Nyumbani alikuwa anafanya nini?" Wifi kimya. Baadaye akasema, "Jumapili jioni alikuwa anapiga rangi viatu vya shule, jozi nne, anavipanga mlangoni kwa ukubwa." Wakili akaandika. "Hilo liseme hivyohivyo, usiongeze neno."

Sasa shida. Daftari ni mwandiko wa marehemu mwenyewe. Upande wa pili watasema tumelipika. Wewe ulikuwa unamtumia kaka pesa za belo za nguo za watoto kila mwezi. Tafuta meseji za miamala, hata kwenye ile simu iliyopasuka kioo. Ukizikosa, kaombe taarifa ya miamala kwa watu wa mtandao. Na ujiandae kuja kutoa ushahidi, nauli nitatuma.

Nipigie kesho kabla ya saa mbili, baada ya hapo niko darasani.

Wako,
Aika