Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Mpasuko wa Kaakaa kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko, na zaidi kwa kufika mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kusubiria kliniki. Leo tuna katiba, muhuri na akaunti ya benki. Mafanikio ni makubwa: tumewafundisha mama wapya kumlisha mtoto akiwa wima ili maziwa yasitokee puani, na tumenunua kabati la mafaili, ambalo kwa sasa lina faili moja.

Ndugu mgeni rasmi, shida ni nyingi ila tumekuja na moja. Watoto wetu wanashonwa kaakaa, tunashukuru, kisha wanarudishwa nyumbani bila kupimwa vinasaba. Mpasuko wa kaakaa usiogusa mdomo ndio hasa unaoweza kuficha tatizo jingine la vinasaba. Mtoto aliyepungukiwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, yaani moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba, anaweza kuwa na kasoro ya moyo, kinga dhaifu, na kalsiamu inayoshuka hadi akapata degedege. Mwenye ugonjwa wa Stickler kwa kawaida haoni mbali, na retina yake, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kubanduka akapofuka, ilhali ikijulikana mapema macho yake hufuatiliwa. Mwenye ugonjwa wa Van der Woude mara nyingi ana vishimo viwili kwenye mdomo wa chini. Mama mmoja aliyeketi hapa mbele anavyo, naye hana mpasuko wowote. Kumbe kila mimba yake ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithisha ugonjwa huo. Hadi leo wakwe wanamuuliza alikula nini akiwa mjamzito.

Hatuombi jengo. Tunaomba damu ichukuliwe papo hapo kliniki na kusafirishwa hadi maabara yenye uwezo, gharama isiwe ya mzazi, na daktari bingwa wa vinasaba atusomee majibu kwa lugha tunayoielewa.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alilipokea ombi hili hili, tukampigia vigelegele. Tulipofuatilia tuliambiwa linashughulikiwa, nasi hatuna shaka linaendelea kushughulikiwa kwa kasi ile ile. Aya za risala hii hatukuzibadilisha sana; tumebadilisha tarehe na jina lako.

Kwa heshima zote, utakapojibu tunaomba utaje mwezi, na ofisi tutakayokwenda kuuliza mwezi huo ukipita. Katibu ameshika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.