Firefox kwenye kompyuta za steshenari: kusakinisha tu hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye steshenari na migahawa ya intaneti, pamoja na wateja wao. Huko ndiko watu wengi wanakojazia maombi ya mkopo wa elimu ya juu, wanakofungulia barua pepe za kazi na kuskani vyeti vya kuzaliwa. Kompyuta zenyewe karibu zote zinatumia Windows, mfumo ambao msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, umefungwa. Ushauri unaosikika kila mara ni "weka Firefox", kivinjari cha kufungulia tovuti kinachotengenezwa na Mozilla. Ni ushauri mzuri, nami nauunga mkono kwa moyo wote, ila ukiishia hapo mteja huondoka akijiona salama kumbe mambo yake yamebaki mezani.

Uzuri wa Firefox unaanzia kwenye leseni. Ni programu huria, na mwenye ujuzi anaweza kuusoma msimbo wake na kuona inatuma nini na wapi. Chrome, kivinjari cha Google, imejengwa juu ya Chromium, ambayo ni huria, lakini Chrome yenyewe siyo. Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 2025, Chrome ilipoacha kuendesha uBlock Origin kamili, kizuizi cha matangazo na wafuatiliaji kilichoandikwa na Raymond Hill. Kwa Chrome imebaki ile ndogo, uBlock Origin Lite. Firefox bado inaendesha ile kamili, tena hata kwenye simu za Android.

Makosa huanzia kwenye kupakua. Usitafute "Firefox" kisha ukabofya kiungo cha kwanza, maana cha kwanza huweza kuwa tangazo la mtu mwingine kabisa. Andika mwenyewe mozilla.org kwenye upau wa anwani. Kisakinishi cha kawaida ni kidogo na huvuta kilichobaki mtandaoni kila unapokiendesha, kwa hiyo mwenye kompyuta kumi atachoma bando mara kumi. Achukue kisakinishi kamili kwenye mozilla.org/firefox/all na kukiweka kwenye flashi. Mashine za Windows 7, 8 na 8.1 zinaishia toleo la 115 ESR, yaani lile la msaada wa muda mrefu. Windows 7 yenyewe iliachwa na Microsoft Januari 14, 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Tundu likiwa kwenye mfumo, kivinjari kipya hakilizibi.

Ikishaingia, fungua Settings, kisha Privacy & Security, uchague "Strict", yaani ulinzi mkali dhidi ya wafuatiliaji. Baadhi ya tovuti zitagoma: video haichezi, au fomu inazunguka tu bila kutuma. Usirudishe mipangilio yote nyuma kwa ajili ya tovuti moja. Bofya alama ya ngao iliyo kando ya anwani, uzime ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake. Ukurasa huohuo una sehemu ya takwimu ambazo Firefox huipelekea Mozilla, ondoa tiki. Ondoa pia tiki ya kuuliza kuhifadhi nywila, kwa sababu kwenye kompyuta ya watu wengi nywila iliyohifadhiwa ni mali ya anayekaa baada yako. Kwa kompyuta ya nyumbani, anayetaka kuhifadhi aweke "Primary Password", yaani nywila kuu inayozilinda nyingine, vinginevyo programu mbaya ikiingia inazisomba zote.

Kwa steshenari, mpangilio unaofaa zaidi uko kwenye History: chagua "Never remember history", na Firefox itajiwasha upya. Kuanzia hapo kila dirisha ni la faragha. Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi: viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari kama uBlock Origin, haviruhusiwi kwenye dirisha la faragha mpaka uviruhusu mwenyewe. Kama uliweka uBlock Origin, utaiona imesakinishwa, lakini haifanyi kazi. Andika about:addons kwenye upau wa anwani, ibofye uBlock Origin, na penye "Run in Private Windows" chagua "Allow".

Dirisha la faragha lenyewe lina mipaka. Linasahau historia na vidakuzi likifungwa, lakini halikufichi kwa kampuni ya mtandao. Usilitegemee pia likufutie mafaili uliyopakua. Fungua folda la Downloads kwenye steshenari yoyote uone: vyeti vya kuzaliwa, wasifu wa kazi wenye namba za simu, picha za vitambulisho pande zote mbili. Mwenye duka ayafute mafaili hayo kila jioni kwa Shift na Delete, maana Delete peke yake inayahamishia tu kwenye Recycle Bin. Abonyeze pia alama ya Windows pamoja na V. Kumbukumbu ya kunakili ikiwa imewashwa, vitu 25 vya mwisho vilivyonakiliwa vinaweza kuwa vimejipanga hapo, na nywila zikiwamo.

Yaliyo nje ya kivinjari, Firefox haiyagusi. Unachoandika kwenye kisanduku cha utafutaji cha Windows kinaweza kwenda Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, na majibu yake ya mtandaoni hufunguka kwenye Edge, kivinjari cha Microsoft, hata kama Firefox ndiyo chaguo-msingi. Kwenye mipangilio ya faragha ya Windows 11 ingia "Diagnostics & feedback" uzime takwimu za hiari; zile za lazima hazizimiki kwenye Windows Home wala Pro. Uzime pia kitambulisho cha matangazo, ambacho programu hukitumia kukuletea matangazo yanayokulenga.

Mteja naye, kabla ya kuinuka kwenye kiti, atoke kwenye akaunti zake zote, afunge madirisha yote, kisha amwombe mhudumu wafute pamoja faili lake. Kama aliiingiza flashi yake, asiisahau.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro