Mwombaji mkuu si lazima awe mume

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Nimekuwa nasoma barua za wasomaji wanaolalamikia mawakala wa viza, na mimi ninalo la wakala, ila langu sehemu kubwa nilijiletea mwenyewe, kwa hiyo nitasema ukweli hata kama mke wangu atasoma na kucheka. Na atasoma, maana yeye ndo huwa wa kwanza kulishika gazeti.

Miaka miwili iliyopita tuliamua kuaplai kuhamia Kanada kupitia Express Entry, ule mfumo wao wa pointi ulioanza 2015. Kwa asiyeujua, mnafungua profaili onlaini, kufungua ni bure, mnapewa pointi kwa umri, elimu, lugha na kazi mlizofanya, halafu mnakaa humo na watu wa dunia nzima mkisubiri droo, wenye pointi nyingi ndo wanaalikwa kuomba ukaazi. Wanandoa mnaingia pamoja, mmoja anakuwa mwombaji na mwingine mwenza. Sasa wakala wetu yule wa kwanza alimwita "mwombaji mkuu", na hilo neno mkuu ndo lilinimaliza. Aliuliza tu, mkuu ni nani hapa? Nikajibu kabla mke wangu hajafungua mdomo. Hakuna aliyepiga hesabu, si wakala, si mimi, yaani niliona ni swali la nani mume.

Ikabidi wote wawili tufanye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, mke wangu akaambiwa afanye "ili amsaidie mzee". Mzee nikapata 6.0 kwenye kuandika, kwingine ndo nikajikongoja. Msaidizi akapata alama za juu kuliko mimi kote, na bado sikushtuka, nilimpongeza nikaendelea na ukuu wangu.

Profaili ikakaa. Inaishi miezi 12, na katika hiyo miezi mimi nikatimiza miaka 40, na mashine ya wale watu haina pole, siku ya birthday yako inakukata pointi yenyewe, nilikuwa na 50 za umri nikaamka nina 45. Nikimpigia wakala ananiambia subirini, droo zinakuja. Mwisho akaja na ujanja wake, eti tufungue upya mimi nijaze sina mke, mtu asiye na mwenza anapewa zaidi kwenye umri na elimu, nikishafika nitamvuta mke baadaye.

Hapo ndo mke wangu aliongea kwa mara ya kwanza tangu tuanze hii safari. Hakugomba. Usiku ule alikaa mezani na laptopu, akafungua kile kikokotoo cha pointi kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, kipo wazi kwa kila mtu, akaanza kujaza. Kwanza akaniweka mimi kama nilivyo, diploma ya miaka miwili, umri 40, na yeye mwenza: 284. Akajaza kama nilivyoshauriwa na wakala, sina mke: 272. Nikamwambia rudia hiyo. Akarudia, 272. Kumbe kumficha mke kungenishusha, maana zile pointi 28 anazoleta yeye kama mwenza zinaondoka naye! Kisha akageuza, yeye mwombaji, mimi mwenza. Ana miaka 31, umri peke yake 90. Digrii 112 wakati diploma yangu ni 91. Kiingereza chake 116, changu 82, na kwa sababu Kiingereza kiko juu hata uzoefu wake wa kazi unapewa 50 ambapo mimi nilipewa 25. Alipomaliza hakusema kitu, aliisukuma laptopu upande wangu akaenda kuchaji simu. 412.

Pointi 128, ndugu mhariri. Nilizikalia mwaka mzima kwa sababu ya neno moja la tafsiri.

Najua 412 si tiketi, droo nyingi zimekuwa zikitaka zaidi ya 500, sitaki mtu akasome hapa akauze vitu vyake. Ila ukiwa hapo kuna mahali pa kupandia, mke wangu kaanza Kifaransa, ukikijua vizuri juu ya Kiingereza wanaongeza mpaka 50, na jimbo likikuteua unapewa 600 kwa mkupuo. Kwenye 284 nilikuwa napandia wapi?

Na hilo la kuficha mke nataka niliseme vizuri kwa sababu najua sio mimi tu niliyeambiwa. Pointi tuziache kando, ukidanganya kwenye fomu za Kanada unaweza kufungiwa miaka 5, na mwanafamilia usiyemtaja unaweza kuja kukataliwa kabisa kumdhamini baadaye. Bahati nasibu ya green card ya Marekani hivyo hivyo, una mke au mume na hukumwandika kwenye fomu ya mwanzo, hata jina likitoka siku ya intavyuu mnarudishwa wote. Wakala hayupo siku hiyo. Wewe ndo umesaini.

Halafu kitu kingine nilichelewa kukijua, Kanada sheria yao inasema anayekulipisha kwa kazi hiyo lazima awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni, na washauri wana orodha yao onlaini, unaandika jina unaona yupo au hayupo. Wetu hayupo. Tulimtafuta kwa majina yote matatu na kwa jina la kampuni. Kibaya zaidi profaili yetu aliifungua kwa imeili yake na paswedi yake, kwa hiyo mwaka wote ule tulikuwa tunasoma habari zetu wenyewe kwa kuambiwa kwenye meseji. Hela aliyochukua simdai tena, nimechoka kumpigia, ila kama una wakala sasa hivi mwombe paswedi leo, uone atakavyoanza kukohoa.

Kuna jamaa yangu nilimsimulia haya akaniuliza, sasa ukifika kule utakuwa umepelekwa na mke? Nikamwambia karatasi za ukaazi zikitoka zinatoka sawa kwa wote wawili, hakuna aliyeandikwa amebebwa. Hakuridhika. Mimi mwenyewe mwaka jana nisingeridhika, kwa hiyo sikumlaumu.

Profaili mpya tumeifungua wenyewe, imeili yetu, na jina lake ndo limetangulia. Cheti cha IELTS kinaishi miaka 2 tu na vyetu vimebakiza miezi, kwa hiyo tunarudia wote. Mwenza anaweza kuleta mpaka pointi 20 za lugha, mimi nina 12, hizo 8 zilizobaki ndo mchango wangu kwenye hii safari na nimeambiwa nisirudi bila nazo. Kila jioni naandika insha moja, yeye anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Ya jana ilihusu faida za usafiri wa umma, kaniandikia chini: "Sentensi ndefu mno. Weka nukta."

Wako,
Mwenza Anayeandamana