Saa ya mtumba ifunguliwe kwanza

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kizota, Dodoma. Mwaka huu nimejinunulia saa yangu ya kwanza ya thamani, Omega Seamaster iliyotumika, aina iliyoanza kutengenezwa Uswisi mwaka 1948. Kabla yake nusura nilizwe. Saa niliyotaka kuinunua awali iling'aa, usoni imeandikwa Automatic, muuzaji akaapa. Mshale wa sekunde ulikuwa ukiruka hatua moja moja, dalili ya saa ya betri, nami sikutilia maanani. Fundi wa karibu na soko la Majengo alipofungua mfuniko wa nyuma, tukakuta betri! Saa ya Automatic hujijaza nguvu kwa mwendo wa mkono, betri ya nini? Wauzaji wetu, nawaomba sana, mwacheni mnunuzi aifungue saa kwa fundi kabla hajatoa fedha.

Mwalimu mstaafu,
Kizota, Dodoma