Barua kwa mwanangu: faili la mishahara

Mwanangu Zuhura,

Huku Tanga sote wazima. Bibi yako anakuulizia kila siku.

Umesema sasa wewe ndiye unayemtumia mkaguzi faili la mishahara kwa barua pepe. Hongera. Ila faili hilo lina namba za NIDA, akaunti za benki na makato ya mikopo ya wenzako wote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaibana ofisi yenu. Usilitume wazi, hata bosi akikuharakisha vipi.

Usiridhike na nenosiri la kuzugia. Mwaka 2007 ofisi ya kodi ya Uingereza iliwatumia wakaguzi diski mbili zenye taarifa za watu milioni 25, familia zinazopata posho ya watoto. Zikapotea njiani, jumla. Nenosiri zilikuwa nalo, lakini data yenyewe haikuwa imesimbwa, yaani haikugeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Nenosiri la namna hiyo ni komeo kwenye mlango wa makuti.

Chukua 7-Zip, programu ya kufunga mafaili, ni ya bure. Chagua muundo wa 7z, unasimba kwa AES-256, njia imara ya usimbaji, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kusimba majina ya mafaili. Wengi hukiruka hicho. Mtu asiye na nenosiri hatafungua kitu, lakini akisoma tu "Watakaopunguzwa Juni" si umeshamwambia? Ukilazimika kutumia zip, usitumie njia ya kusimba iitwayo ZipCrypto. Ni ya kizamani na inavunjika.

Nenosiri lisifuatane na faili kwenye barua pepe ileile. Mpigie mkaguzi simu, kwa namba unayoijua wewe, si iliyoandikwa chini ya barua, umtajie kwa mdomo. Liwe refu, maneno manne matano yasiyohusiana. Mwaka wako wa kuzaliwa mtaa mzima unaujua. Na nakala halisi ibaki ofisini, maana ukisahau nenosiri hakuna fundi wa kukusaidia.

Halafu hizi steshenari! Ukilifungulia faili huko ili wakuchapie, usimbaji wote umekwisha hapo hapo. Nakala inabaki kwenye kompyuta yao, na anayekuja nyuma yako anaikuta. Chapisha ofisini.

Zile hati za kiwanja cha Pongwe nitumie kwa mtindo huohuo. Nenosiri nipigie Jumapili baada ya magharibi, na useme polepole, baba yako haachi kuwasha redio.

Mama yako