Mkubwa wa kazi anasema mimi sipendi kuongea

Mama mshauri, jambo sana. Ni saa tisa za usiku, bwana yangu amelala, mimi usingizi umenikataa tangu Jumatano.

Mkubwa wa kazi alisema mbele ya watu wote: "Mama huyu hapendi kuongea." Palepale nafasi ya kwenda Ndola, kule Zambia, kupokea wateja akampa kijana. Mimi, sipendi kuongea? Ulizeni mtaa wetu wa Katuba wote. Penye ugomvi wa ndoa au mahari, nani anaitwa kusema na wakwe?

Kiingereza nimesoma, kozi ya jioni, natoka kazini moja kwa moja na njaa yangu. Barua za mizigo ya shaba inayovuka mpaka wa Kasumbalesa naziandika mimi, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Kinachonishinda ni masolo, yale mazungumzo ya kahawa. Wazambia na wale wa Afrika Kusini wakisimama pale, mara rugby, mara umeme unavyokatika Kitwe, mara nyama waliyochoma Jumamosi. Sentensi hawamalizi. Nikipata la kusema, wao wameshahama. Siku moja wakagusa mpira, nikajua leo ni zamu yangu: timu yetu Mazembe ya 2010, ilivyofika fainali ya dunia ya vilabu na Inter! Kwa Kiswahili hiyo naisimulia mpaka watu wanasimama. Kwa Kiingereza ilitoka kama ripoti ya mizigo. Wakanisikiliza kwa adabu, wakatazama saa.

Ndola yenyewe siitaki, watoto bado wadogo. Lakini kuambiwa sipendi kuongea!

Na kijana huyo ni mtoto wa jirani, mimi ndiye niliyempeleka kazini. Amekulia Chingola, Kiingereza cha barabarani kimo mdomoni mwake. Jana amenifuata: "Yaya, dada yangu mkubwa, tukae saa ya kula, nitakuzoesha." Nikubali, nifundishwe na aliyepewa nafasi yangu? Bwana yangu anasema nilinde heshima. Huruma ya mtoto yule siitaki. Lakini nani mwingine atanizoesha?

Usinitume kwenye vitabu, vitabu nimesoma. Mtu akikuuliza wikendi ilikuwaje, unamjibu kiasi gani? Nikisema "nzuri" nikanyamaza, ndiyo hayo, sipendi kuongea. Nikisema mtoto alilala na homa, anatafuta pa kukimbilia. Jumatatu mkubwa ataniuliza tena, na kijana atakuwa amesimama pembeni. Nijibu kabla ya hapo, tafadhali. Na kama Ndola bado inaweza kurudi kwangu, niambie pia.

Mama wa Katuba, Lubumbashi