Baada ya kukabidhi ofisi ya kijiji

Kongwa, Dodoma
8 Desemba 2024

Mzee mwenzangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Huku ni wazima, tunashukuru Mungu.

Hongera kwa kumaliza salama uenyekiti wa kijiji. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba umempa kijana yule kiti chako, na umefanya vema kumpokea kwa moyo mweupe. Hata hivyo, usipumzike kwanza. Mwenyekiti husifiwa kwa madarasa na visima, lakini kijiji huumizwa na yale anayoondoka nayo kichwani.

Nyaraka ni kazi ya siku moja. Mtunzaji ni Afisa Mtendaji, ila wote tunajua ni mafaili mangapi hulala nyumbani kwa mwenyekiti. Pekua kabati. Rudisha mihtasari ya vikao, sheria ndogo, cheti cha ardhi ya kijiji na vitabu vya stakabadhi, hata vilivyokwisha, kila kitabu kikiandikwa namba yake ya kwanza na ya mwisho. Kikipotea kimoja, mkaguzi atauliza fedha iliyokusanywa humo ilikwenda wapi. Kama wewe ni mtia saini benki, himiza muhtasari wa kukubadilisha uandikwe mapema, la sivyo fedha hazitatoka, fundi wa zahanati atasimama na saruji itaganda stoo.

Kazi kubwa ni mipaka. Tangu Operesheni Dodoma ya 1971 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaacha mahame yao, yaani makazi na mashamba ya zamani, na wajukuu sasa wanayadai. Wazee waliotulea sisi katika uongozi ndio waliojua nani alilima wapi, na wengi wametangulia. Waliobaki wachukue mapema, asubuhi kabla ya jua kali, mtembee mpaka mzima pamoja na mwenyekiti mpya, wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji linalosuluhisha migogoro, na majirani wa pande zote mbili. Jirani asipokuwepo, safari hiyo haina maana; kesho atasema mlipanga.

Mfundishe kijana kusoma minyaa, ile miti ya utomvu tunayopanda kuwa ua wa mpaka. Mnyaa huota kwa kuchomeka kipande tu, kwa hiyo mwenye tamaa huchomeka mstari mpya hatua mbili ndani ya shamba la mwenzake, kisha hukata ule wa zamani. Baada ya misimu michache ya mvua, mgeni ataona ua umekuwepo siku zote. Aangalie shina: mnyaa wa miaka mingi una shina gumu la mti, na wa juzi ni vijiti vya kijani. Kisha achimbe kidogo upande wa pili, atafute visiki na mizizi ya zamani. Asikate ovyo, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Kila kona isomwe kwa GPS ya simu, namba ziandikwe papo hapo, wote watie saini au dole gumba.

Mkumbushe pia kwamba Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila Mkutano Mkuu wa wanakijiji kuridhia kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imesema hivyo waziwazi, na hapo ndipo wenyeviti wengi wapya hukwama, kwa sababu mwombaji huja na haraka na bahasha. Baraza la Ardhi nalo lina wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Wanawake hao wasiwe wa kujaza viti; mara nyingi ndio wanaojua mjane gani ananyang'anywa shamba.

Sasa nyumbani. Watu wataendelea kuja barazani kwako usiku. Wapokee, wape maji, kisha waelekeze kwa mwenyekiti wao. Ukisuluhisha hata kesi moja ya mbuzi, kijiji kitakuwa na wenyeviti wawili. Shemeji amepikia wageni wa serikali miaka yote hiyo bila posho; kwa maoni yangu deni hilo ndilo la kwanza kulilipa. Umesimamia hatimiliki za kimila za watu wengi, lakini shamba lako mwenyewe je? Omba hati, jina la shemeji liandikwe pamoja na lako. Waite watoto wote, wa kike na wa kiume, uwaonyeshe kona za shamba ukiwa bado na nguvu za kutembea.

Ukipata nafasi kabla ya palizi, njoo na nakala ya ramani ya matumizi bora ya ardhi ya kwenu. Upande tunaopakana una kona mbili zinazohitaji kutembelewa na vijiji vyote viwili.

Msalimie sana shemeji.

Ni mimi ndugu yako,
Mzee wa Kongwa